Aliacha shimo, hakutuacha

Siku mwenzetu alitujulisha kama anaacha sendika ili aende kusomea uchungaji, hatukumupigia makofi. Tulikuwa watu kumi na wawili ndani ya kibanda cha mbao hapa Mususa, mvua inapiga mabati, na yeye ndiye alikuwa anashika kaye ya chama: majina ya wachimbaji, michango, wagonjwa, wajane. Aliweka ile kaye juu ya meza, akaweka na ufunguo wa sanduku, akasema: «Wandugu, mimi nimeitwa.» Mumoja wetu akamujibu palepale: «Umeitwa na nani? Na matoleo?» Tulicheka sana. Yeye hakucheka. Alitupa mukono mumoja mumoja, akatoka ndani ya mvua.

Imepita sasa miaka tisa. Tunaandika haya sababu tunajua kama siku ile tulikosea, na sababu watu wengi wa muji wetu wangali wanawaza vile sisi tuliwaza. Wanaona muchungaji kuwa mutu aliyekimbia kazi. Sisi wetu tulimufuata kwa macho, mwanzo kwa ubaya, kisha kwa kushangaa. Mwisho tukamuuliza wazi: wewe mwenyi ulikuwa unapata kitu kidogo mu zahabu, na leo suruali yako ni ileile ya mwaka jana, hiyo furaha yako unaitosha wapi?

Sababu ya hasira yetu

Tuseme kwanza ukweli juu ya ile hasira. Kazi ya sendika kwa wachimbaji wa mikono haiko kama ya watu wa ofisi. Kode ya madini ya 2002 inaomba kila muchimbaji wa mikono awe na kadi, na tangu irekebishwe katika 2018 inaomba tena awe ndani ya koperative. Lakini karatasi iko Kinshasa, na shimo liko huku porini. Mutu akivunjika muguu, hakuna bima. Akifa, familia inapata kile wenzake wamechanga. Kwa hiyo mutu mwenyi anajua kusoma, kuandika na kuhesabu bila kuiba, ule ni mali. Tulikuwa naye mumoja tu. Tulisema kama Mungu ametuibia.

Tena tulikuwa tunajua wachungaji wa namna ingine. Hapa kwetu, ndani ya avenue moja unaweza kuhesabu makanisa matatu ao mane: moja la matofali, lingine la mbao, lingine la bashi. Kila moja na bafle yake inayoangalia njia. Tumeona mutu anashindwa mu biashara, na kisha miezi sita ana suti, ana kadi yenye picha, ana na maono. Tumeona mama anauzisha mbuzi ya masomo ya mutoto juu ya kulipa maombi. Nabii Ezekieli aliwakemea zamani wachungaji wenye kujilisha wao wenyewe na kuacha kondoo na njaa, na mutu wa Butembo akisoma ile sura, hahitaji mufasiri.

Kwa hiyo tulipomuona mwenzetu amebeba Biblia chini ya kwapa, tulisema: huyu naye amepata njia ya kula.

Siku ya shimo

Halafu shimo likaanguka. Ilikuwa katika 2022, upande wa Manguredjipa, mu sekta ya Bapere, magharibi ya Butembo, kule vijana wetu wengi wanaendaka kutafuta zahabu. Hatutataja mwenyi shimo wala jina la pahali. Vijana wawili walikuwa chini. Mumoja tulimutosha siku ya pili, amekufa. Ule mwingine hatukumupata. Udongo ulikuwa unateremuka kila tulipochimba, na siku ya ine wakubwa wa shimo wakasema: tuache, tusipoteze na wengine.

Kwetu kumuacha mutu chini ni aibu kubwa. Kilio bila maiti hakimalizikake: bibi yake anabaki anaangalia mulango, mama yake anasema labda alitoka kwa shimo lingine akaenda Mambasa. Tulimutumia mwenzetu wa zamani ujumbe kwa simu, bila kumuomba kitu. Alikuja na pikipiki, siku nzima mu matope, akafika amekuwa udongo mutupu. Hakuwa na suti wala kola. Aliomba tumuonyeshe pahali ule kijana alikuwa anasimamaka asubui mbele ya kushuka. Akasimama palepale. Akaita jina lake lote, la baba yake na la mama yake, akasali. Ile sala haikupita dakika kumi.

Kisha akageuka kwa wakubwa wa shimo, akauliza na ile sauti aliyosali nayo: «Huyu kijana alikuwa na deni gani kwenu? Na ninyi mulikuwa na deni gani kwake?»

Watu wakanyamaza. Akatosha kaye mu mufuko wa koti. Kaye! Ilionekana kama kijana alikuwa hajapata fungu lake la majuma matatu. Mwenyi shimo akasema mambo ya franga si ya kusemea pahali pa kilio. Pasta akamujibu polepole: «Papa, kwa huyu mujane, hapa njo pahali pake.» Tulibaki pale mupaka jua likaingia. Fungu lililipwa. Halikulipwa lote, lakini lililipwa mbele ya mashahidi, na mujane alitia kidole.

Ile usiku, njiani, hakuna mwenyi alifanya tena mazungumuzo ya matoleo. Mumoja wetu, ule mwenyi alimucheka siku ya mvua, alimupa koti lake.

Juma la muchungaji

Tangu pale tulianza kuangalia kazi yake vile mutu wa sendika anaangalia kazi yoyote: inaanza saa ngapi, inamalizika saa ngapi, inalipwa ngapi.

Kanisa lake ni dogo, la mbao, ndani ya komine ya Mususa, na linahesabiwa kati ya jumuiya za Waprotestanti zilizounganika ndani ya Kanisa la Kristo katika Kongo. Siku ya Yenga watu wanamuona mbele yao muda wa saa mbili. Zile siku sita zingine wachache ndio wanaziona. Siku ya Kwanza anazunguka kwa wagonjwa. Siku ya Pili ni mashauri: mipaka ya parsele, bibi na bwana wenye wamefukuzana, kijana aliyekamata pikipiki ya mutu na kuivunja. Katikati ya juma kuko mafundisho na selile za maombi ndani ya nyumba za watu. Siku ya Posho ni ndoa. Kilio hakina siku yake, kinakuja wakati kinataka.

Na juu ya hayo kuko vita. Tangu Oktoba 2014 mauaji ya upande wa Beni yamewasukuma watu kuelekea huku kwetu. Wakati M23 waliingia Kanyabayonga mwishoni mwa Juni 2024, wengine wakapanda kutoka kusini ya Lubero, na chukudu zilizobebaka makala na viazi zikabeba magodoro na wazee. Ndani ya lile kanisa la mbao, familia sita zililala muda wa miezi mbili. Asubui mabenchi yanapangwa kwa ibada, mangaribi yanapangwa kwa kulala. Pasta alijua majina ya watoto wote, na alijua nani anakojoa kitandani, sababu ni yeye alikuwa anaanika ile blanketi mbele wengine hawajaamka, ili mutoto asichekwe.

Tulimuona na ile blanketi. Hakujua kama tunamuona.

Furaha ambayo haipimwe

Jioni moja tulimuuliza lile swali letu. Tulikuwa tumeikala ku barza ya kibanda, na chai. Alifikiri kwanza. Kisha akasema:

«Mu shimo nilikuwa natafuta kitu yenye inapimwa. Nikipata kidogo, naumia. Nikipata mingi, silale, naogopa wataniibia. Sasa mama mumoja ananiita saa nane ya usiku, mutoto wake amefariki. Mimi sina kitu ya kumupa. Siwezi kumufufua. Ninaikala naye chini. Asubui ananiambia tu: Pasta, asante ulibakia. Ile neno, wandugu, sijaonaka mizani yake.»

Sisi tunajua mizani. Tunajua ile ndogo yenye mufanyabiashara anaweka ku meza, na macho ya muchimbaji yanayoangalia kama kidole kinagusa. Kwa hiyo lile jibu lilituingia.

Lakini sendika inafundisha kuuliza mara mbili. Tulimuambia: Pasta, kupenda kuitwa na watu, ile si kiburi? Hakukasirika. «Iko hatari,» akasema. «Mutu anaweza kulewa na kuitwa. Unaanza kuona kama bila wewe hawaponi.» Na akatukumbusha Ebola.

Wale wa Butembo hawahitaji kuelezwa. Ule ugonjwa ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na ukamalizika tarehe 25 Juni 2020. Ulishika watu 3 470, ukaua 2 287. Butembo na Katwa ziliumia sana. Katika Februari 2019 watu wenye silaha walichoma vituo vya matunzo. Katika Julai mwaka uleule muchungaji mumoja aliyetoka safari alikuja kuhubiri huku kwetu, akawekea wagonjwa mikono, akaanza kuumwa, akapanda bisi kuelekea Goma. Tarehe 14 Julai alikuwa wa kwanza kuhakikishwa na Ebola katika muji wa Goma, na hakupona. Siku tatu nyuma, Shirika la Afya Ulimwenguni likatangaza kama ugonjwa huu ni jambo la dunia nzima.

Hatumuhukumu ule mutumishi. Alifanya kile wengi wetu tunangojea muchungaji afanye: kumugusa mwenyi kuteseka. Lakini mwenzetu, mwenyi alikuwa amepewa kanisa lake mwaka uleule, alichagua ingine njia. Aliweka ndoo ya maji na klore ku mulango. Alikataza kupana mukono. Alikataa kuwekea mikono. Alimuambia kila mwenyi homa aende ku kituo cha matunzo kwanza, maombi yatamufuata kule. Watu wakamutukana: huyu hana imani, amekula pesa ya Ebola. Nusu ya kanisa ilihama kwa wengine wenye walikuwa wanagusa.

«Mwaka ule,» alituambia, «furaha sikuiona. Hata kidogo. Nilikuwa naenda kuhubiria mabenchi.» Tulimuuliza kwa nini hakuacha. Akajibu kama kuko siku za kuchimba jiwe tupu, na muchimbaji haitupe nyundo juu ya ile. Wakati ugonjwa ulimalizika, wamoja walirudia. Mama mumoja, mwenyi alimutukana kwa sauti mbele ya watu, alikuja na kuku. Alisema watoto wake wote wako hai.

Wengine mbele yake

Ndani ya sendika yetu tuko wa makanisa yote: Wakatoliki, Wabatisti, Waanglikana, Wapentekoste, na Waislamu wako. Kwa hiyo tukisema neno muchungaji hatusemi Waprotestanti peke yao. Kwa wazee wa hapa, neno lile linaleta kwanza jina la Askofu Emmanuel Kataliko.

Alichunga dayosezi ya Butembo-Beni tangu 1966 mupaka 1997. Aliwasukuma watu wasingojee serikali: barabara, masomo, hospitali, vilijengwa na mikono ya wakristo wenyewe. Chuo kikuu cha Graben kilizaliwa wakati wake, katika 1989. Katika 1997 alitumwa Bukavu, kwenye kiti cha Askofu Mukubwa Christophe Munzihirwa, aliyeuawa tarehe 29 Oktoba 1996. Kila mutu alijua ile ni kiti cha namna gani. Alienda. Noeli ya 1999 aliandika barua kwa wakristo, akasema wazi juu ya wageni na wenyeji wenye kula inchi kwa nguvu ya silaha. Tarehe 12 Februari 2000, waasi wa RCD waliokuwa wanatawala Bukavu wakamufukuza, wakamurudisha Butembo. Waliwaza kama wanamuazibu. Kumbe walimurudisha kwa kondoo zake za zamani. Alirudia Bukavu katika Septemba, na tarehe 4 Oktoba 2000 akafariki Roma.

Mutu kama ule alipata nini? Hakupata mali. Alipata kufukuzwa. Lakini wenye walimuona siku zile za Butembo hawasemake juu ya mutu mwenyi kuvunjika. Wanasema juu ya mutu aliyekuwa anajua yeye ni wa nani.

Na kwa sisi watu wa sendika kuko habari ingine, ya mbali, tuliyoipata mu mafundisho. Katika 1834, mu kijiji cha Tolpuddle, Uingereza, wakulima sita wa mushahara walikamatwa sababu waliungana na kula kiapo ili mushahara wao usishushwe tena. Walihukumiwa miaka saba ya kuhamishwa Australia. Mukubwa wao, George Loveless, alikuwa muhubiri wa Wametodisti. Watu wa Uingereza walipiga kelele, wakaandika, wakatembea mu njia, mupaka katika 1836 wale sita wakasamehewa. Tulipomusimulia Pasta ile habari, alicheka siku hiyo, na akasema: «Munaona? Mimi sikuacha sendika. Nilibadilisha meza tu.»

Kubakia

Tunasema mara mingi neno kubakia, na inafaa tulieleze. Hapa kwetu kila mutu anajua kukimbia. Tumejifunza tangu utoto: godoro juu ya kichwa, sufuria ndani ya godoro, mutoto mukononi. Kukimbia si zambi. Muchungaji naye anakimbia na watu wake, na akikimbia nao bado yuko kazini.

Lakini kuko pahali ambapo anapashwa kwenda wakati wengine wanatoka. Tarehe 15 Januari 2023, siku ya Yenga, bomu lililipuka ndani ya kanisa la CEPAC kule Kasindi, ku mupaka na Uganda, wakati wa ubatizo. Watu zaidi ya kumi walikufa. Siku ya Yenga iliyofuata, Pasta wetu alifungua mulango wa kanisa lake la mbao saa ileile ya kila mara, akasimama yeye mwenyewe ku mulango, akaangalia mifuko ya watu. Alikuwa anaogopa, mikono yake ilikuwa inatetemeka, tuliona. Katika Septemba 2025, kule Ntoyo, upande wa Manguredjipa, waasi wa ADF waliwaangukia watu waliokuwa wamekusanyika usiku ku kilio, wakaua zaidi ya 60. Ku kilio! Pahali ambapo hata adui wa jirani anaacha hasira yake njiani. Tangu siku ile, kila mutu wa pande zetu anafikiri mara mbili mbele ya kulala inje na wafiwa.

Pasta anaenda. Amebadilisha saa tu: sasa kilio kinaanza muchana, na wamama wenye watoto wanarudishwa mbele giza haijaingia. Ile njo hekima yake yote. Hasemi kama Mungu atazuia risasi. Anasema kama mufiwa hapashwe kuwa peke yake.

Mama Pasta naye aseme

Tungemaliza hapa, habari ingekuwa nzuri kupita ukweli. Sababu siku tuliyoenda kwake kumuuliza juu ya furaha, bibi yake alikuwa anapepeta maharagi ku mulango, na alisikia. Akasema bila kuinua kichwa: «Ile furaha ni yake. Njaa ni yetu wote.»

Tulinyamaza. Mama Pasta anauzisha makala na ndizi ku soko. Ni yeye analipa masomo. Watu wakija usiku, ni yeye anaamka kuwasha moto. Hakuna mwenyi amemuwekea mikono wala kumupa jina la kazi, lakini anatumika kazi mbili. Mwaka jana mutoto wao wa tatu alishikwa na malaria kali. Akapona, lakini walibaki naye ku hospitali siku tisa zaidi, sababu ya deni. Pasta alikuwa anaingia asubui kusalia wagonjwa wengine mu chumba kilekile ambamo mutoto wake alizuiliwa. Hakutuambia kitu. Tulisikia kwa mutu wa pikipiki.

Tulifungua sanduku. Kaye yetu inasema michango ni ya wachimbaji na familia zao, na mumoja akauliza: huyu ni muchimbaji? Ule mwenyi alitoa koti akajibu: «Shimo la Manguredjipa alilichimba kuliko sisi.» Tulilipa, mutoto akatoka.

Lakini mutu wa sendika hapashwe kumaliza jambo kwa kuchanga tu. Anapashwa kuuliza kwa nini ilikuwa lazima kuchanga. Tulihesabu pamoja na wazee wa kanisa matoleo ya siku ya Yenga moja: 41 700 franga. Ukitosha fungu la makao makubwa, mabati ya jengo, kwaya na wafiwa, kwa Pasta kulibaki kitu cha kununua chumvi na sabuni. Wazee hawakuwa wabaya. Walikuwa wanasema kile kila mutu anasema: «Pasta anatumika kwa Mungu. Furaha yake iko mbinguni.»

Sisi tunalijua lile neno. Wenye mashimo wanatuambiaka vilevile: ninyi vijana munapenda kuchimba. Mwalimu anaambiwa anapenda watoto. Munganga anaambiwa ana moyo. Kila pahali mutu anapopenda kazi yake, kuko mwingine mwenyi kutaka ule upendo ulipe pahali pa mushahara. Furaha ya muchungaji ni ya kweli, tumeiona na macho yetu. Ni haki yake, aliipata kwa jasho. Lakini furaha si mushahara, na mutoto haponi malaria na furaha ya baba yake. Yesu mwenyewe alisema mutumikaji anastahili kulipwa, na Mutume Paulo, mwenyi alishona hema ili asilemeze watu, aliandika wazi kama ile haki alikuwa nayo, aliiacha kwa mapenzi yake. Haikuwa wazee wa Korinto waliomunyima.

Kile tuliomba

Tuliomba wazee mambo matatu, na tunayaandika hapa sababu kanisa lingine laweza kuyahitaji. Kwanza, kitu cha mwezi kwa Pasta, hata kidogo, kiandikwe mu kaye na kitoshwe mbele ya mabati. Pili, hesabu ya matoleo isomwe kwa sauti mbele ya wote, kila mwisho wa mwezi. Ule mwenyi anatoa mia tano ajue imeenda wapi, na wale wachungaji wa suti watakosa pahali pa kujificha. Tatu, Pasta apate siku moja ya kupumzika, na Mama Pasta naye.

Mambo mawili ya kwanza wazee waliyakubali kisha mikutano miwili. Ya tatu iliwashinda kuelewa. Mumoja, muzee wa miaka mingi, aliuliza: «Na mutu akifa siku ile?» Tukamujibu kama mushemasi naye anajua kuikala chini na mufiwa. Muzee alifikiri muda murefu. Kisha akasema: «Basi muje munifundishe mimi, sababu ni mimi mushemasi.»

Waliandika siku ya Kwanza.

Siku ya Kwanza iliyofuata tulikuwa ndani ya kibanda chetu, mvua inapiga mabati, tunapanga majina ya wachimbaji wenye wamekimbia Bapere na hawana kazi. Mulango ukafunguka. Pasta akaingia, akapanguza viatu, akaikala ku kiti chake cha zamani, kile cha karibu na sanduku. Tulimuuliza nani amekufa.

«Hakuna mutu,» akasema. «Ninapumzika.»

Kisha akavuta kaye kwake, akaanza kusoma majina, na tulipotaka kumukataza, akauliza kama kuko chai.